Makaroni ya makaa juu na makaa chini

Tuliweka picha ya sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, mkatuuliza: hiyo ni keki ama ni nini? Si keki, jamani. Ni makaroni ya kuoka, foorno, na tulifundishwa na jirani yetu Msomali hapa Nakivale, yule ambaye sisi wote tunamwita Hooyo, maana yake mama.

Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia miaka mingi, wakaacha baasto. Lakini Hooyo hapendi ukisema ni chakula cha Wazungu. "Bibi yangu alipika, mama yangu alipika, sasa Mzungu ako wapi hapo?" Na anakula na ndizi mbivu pembeni! Sisi Wakongomani tulicheka mpaka tulipoonja.

Chukua makaroni kilo moja, chemsha, lakini toa mapema ikiwa bado ngumu kidogo katikati, sababu itaendelea kuiva ndani ya mchuzi. Nyama ya kusaga nusu kilo, kaanga na kitunguu na saumu, tia nyanya nyingi na xawaash, bizari yao ya jira, giligilani, pilipili manga, iliki, mdalasini na manjano. Acha mpaka mafuta yapande juu. Halafu mchuzi mweupe: vijiko 8 vya unga wa ngano kwenye siagi, koroga, mimina maziwa lita moja kidogo kidogo. Ukimimina yote mara moja utapata mabonge. Sisi tuliyapata, tukachuja na kitambaa. Maziwa hapa Isingiro si shida, ng'ombe za Wanyankole ziko karibu. Shida ni nyama. Tangu pesa ya chakula ipunguzwe, tunachanga wiki mbili ndiyo tupate hiyo nusu kilo.

Na jibini? Hooyo haweki. Anapiga mayai mawili anamwaga juu. Sisi tuliotoka Masisi tulinyamaza, maana tulijua jibini iko wapi.

Mdogo wetu mmoja alifika mwaka jana kupitia Bunagana, na begi moja tu. Ndani mlikuwa na shati mbili na fromaji nzima ya mviringo, ya maziwa ya ng'ombe za baba yake. Ng'ombe hazipo tena. Baba hajapatikana. Aliifunga kwa kitambaa akaitundika juu ya kitanda, na kila Jumapili aliipangusa na maji ya chumvi. Miezi mitatu hivyo. Siku zingine tulilala njaa chini ya ile fromaji. Mmoja wetu aliwahi kusema ikatwe, tukamfokea, ingawa ukweli ni kwamba wote tulikuwa tumewaza hivyo.

Siku ya foorno hatukumwomba. Tulikuwa tumeshapanga: makaroni, nyama, mchuzi mweupe, tena makaroni. Akaja na kisu na fromaji yake mkononi. Hooyo alimtazama, akafunika bakuli la mayai bila kusema kitu. Kijana akakata robo, akaikwaruza kwenye kopo la nyanya alilotoboa na msumari. Hakutaka tumsaidie.

Kwenye sigiri, ile kwetu tuliita mbabula, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Chini kukiwa kukali, itaungua kabla ya juu kubadilika rangi. Ngoja kama dakika 40 na usifunue-funue, kila ukifunua moto wa juu unapotea.

Tulipofunua, juu ilikuwa kahawia na jibini inavutika kama uzi. Yeye alitafuna polepole, halafu akasema fromaji imekauka sana, baba angemgombeza kwa kuiweka muda wote huu, na chumvi pia imezidi, na kopo lile lina matundu makubwa mno. Tangu afike hajawahi kusema maneno mengi hivyo.

Kisha akaomba ndizi.

Robo tatu zilizobaki amezirudisha kwenye kitambaa, juu ya kitanda. Tumeambiwa tusiulize.