Asali Niliyoiandika Nta

Kosa lilikuwa langu, programu haikuhusika. Natunza hesabu za mfanyabiashara wa hapa Tabora anayenunua asali na nta Sikonge na kuzisafirisha kwa wateja wa Dar es Salaam. Tulipoanza kuuza asali kwa ndoo za lita 20, nilipaswa kuisajili bidhaa hiyo kwenye programu ya uhasibu. Kwa haraka nilinakili kadi ya bidhaa ya nta, nikabadilisha jina na bei. Akaunti ya mapato sikuigusa. Tangu hapo kila ankara ya ndoo ya asali ikawa inaingia kwenye mauzo ya nta.

Mteja alipata ankara yenye jina na bei sahihi, fedha ikaingia benki, urari ukalingana. Hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Urari huthibitisha kwamba debiti na krediti ni sawa. Haujui kama krediti imekwenda kwenye akaunti inayostahili.

Lakini mwenye biashara haangalii jumla peke yake. Aliona asali imeshuka na nta imepanda, akapunguza fedha za kununulia asali msimu ule. Warina asali waliokwisha kushusha mizinga wakaambiwa tutachukua kidogo tu, na wengine wakauza kwa bei ya kutupa. Hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ada na chakula cha nyumba zao.

Aliyegundua ni mzee wa ghala. Aliisoma ripoti akaniuliza, "Mwanangu, nta yote hii tumeiyeyusha lini?" Nilifungua kadi, nikaliona kosa, nikaenda kulisema kwa mwenye biashara siku hiyohiyo. Ankara sikuzifuta. Niliandika ingizo la marekebisho: debiti mauzo ya nta, krediti mauzo ya asali, na maelezo kamili ya sababu.

Kosa hilo linanikumbusha msafiri Stanley, aliyepita hapa Tabora kwa njia ya misafara mwaka 1871 akiwa amebeba ushanga wa aina nyingi. Ule mweusi ulipokelewa Ugogo, kwingine ukakataliwa. Kujua mzigo una uzito gani hakukutosha. Ilibidi kujua kila robota linakwenda kutumika wapi.

Sasa kadi mpya haitumiki kabla mtu wa pili hajaikagua akaunti yake, na anayeandika ankara hana ruhusa ya kuibadilisha kadi hiyo. Ankara ya kwanza ya bidhaa mpya naifuata mpaka ndani ya akaunti. Kabla ya kufunga mwezi, tunalinganisha kilo zilizotoka ghalani na mauzo ya kila akaunti. Ndoo ya lita 20 hubeba takriban kilo 28 za asali, kwa hiyo pengo kubwa halijifichi.

Ninyi mnaotunza hesabu za mali ya wakulima na warina asali, nawaomba: msifunge mwezi kabla ripoti ya mauzo haijasomwa na mtu aliyeibeba mali hiyo kwa mikono yake.