Mbegu za Mama

Mwaka ule mvua ya Machi ilinyesha vizuri, lakini shamba la Mama kule Kitale lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mbegu feki. Mahindi ya kusaga yaliyopakwa rangi, yakatiwa kwenye pakiti safi kabisa. Hata risiti ya agroveti alikuwa nayo.

Hakuambia mtu. Na mimi, msomi wa familia, nilimwambia anyamaze, watu watatucheka. Karo ya semesta yangu ikanunua mbegu za kupanda tena. Sikurudi chuo.

Juni, kwenye matanga ya jirani, ndiyo tukajua kuna wanawake wengine wawili waliouziwa pale pale, wiki moja baada ya Mama. Wiki moja! Angesema tu, wangepona. Lakini nani alikuwa amemnyamazisha?

Kumbe pakiti huwa na stika ya KEPHIS. Unaikwaruza, unatuma namba kwa SMS kwenda 1393, unajibiwa ni mbegu aina gani na ni ya kampuni ipi. Nilikuwa na simu kali kuliko ya Mama na sikujua.

Machi hii alinipigia alfajiri. "Hebu nisomee, miwani siioni." Alikuwa amenitumia picha ya pakiti na ya jibu. Jibu lilitaja aina nyingine kabisa, si iliyoandikwa kwenye pakiti.

"Mama, ngoja kwanza—"

Alikuwa ashaituma kwa grupu ya chama, pamoja na jina la duka.