Sote ni Akina Mwa

Ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye mashindano ya drafti, usimtazame refa. Tazama kile kikaratasi kilicho chini ya ubao. Ni robo ya A4 tu: raundi, namba ya meza, majina mawili, matokeo, sahihi mbili. Wachezaji wakishatia sahihi, kelele zote za baraza hazisaidii kitu.

Mwezi jana nilipewa msimbo wa programu ya mashindano niukague, sehemu ile inayochapisha vikaratasi hivyo. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama. Msimbo nilijifunzia hapa Ukunda, kwenye simu, kwa bando za usiku. Nausoma kama ninavyosoma insha: natafuta sentensi inayodanganya.

Ya kwanza ilikuwa saizi. Kiolezo kilipangwa kwa karatasi ya Letter, ile ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Saiba za huku zinatumia A4, 210 kwa 297. Yaani karatasi yetu ni nyembamba zaidi, kwa hiyo ukichapisha kwa ukubwa uleule, ukingo wa kulia unaliwa. Na kulia ndiko kulikokuwa na nafasi ya sahihi. Mstari mmoja wa CSS ukamaliza hilo. Mwingine ukazuia kikaratasi kisianze ukurasa huu na kumalizikia unaofuata.

Ya pili ilikuwa majina. Jina likifika nafasi ya 15, programu inalikata na kuweka nukta tatu. Kwenye skrini si taabu, unagusa jina na linafunguka lote. Karatasi je, utaigusa mpaka lini?

Nilichapisha ukurasa mmoja wa majaribio, nikampelekea mzee anayesimamia meza. Akavaa miwani, akasoma: "Hamisi Juma Mwa..." Akageuza, akasoma kingine: "Hamisi Juma Mwa..." Akanitazama.

"Kijana, huyu Mwa ni nani? Hapa sote ni akina Mwa."

Hakuwa anatania. Majina mengi ya Kidigo huanza hivyo hivyo, na akina Hamisi Juma Kwale hii hawahesabiki. Akishinda mmoja, akapandishwa mwingine raundi ya pili, utamwambia nini aliyeamka alfajiri kutoka Msambweni na nauli ya kukopa?

Aliyeandika msimbo yuko Nairobi. Nilipomwambia, akajibu, "Bro, hiyo hutokea mara chache. Pitisha tu, tutarekebisha baadaye." Malipo yangu yalikuwa yanangoja neno hilo moja, na kodi ya chumba ilikuwa imeshafika. Nikampigia picha vile vikaratasi viwili vikiwa sambamba, nikamtumia. Chini nikaandika: nani kashinda?

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatuma mabadiliko: jina refu linashuka mstari wa pili, na kila mchezaji ana namba yake kando ya jina. Nikachapisha tena, nikasoma mpaka herufi ya mwisho, ndipo nikapitisha.

Mimi tangu KCSE sijapata karatasi rasmi inayosema nimemaliza jambo. Pengine ndiyo maana siwezi kuvumilia karatasi inayomwita mtu nusu. Mzee, yeye, alitaka jambo moja tu: maandishi yawe makubwa kidogo.