Neno Credo Limetoka Wapi?

Ni mara ngapi tumeimba Credo in unum Deum bila kuuliza neno lenyewe limetoka wapi? Sisi tuliliimba tangu utoto katika kwaya ya parokia, tukijua tu kwamba maana yake ni «nasadiki». Tulidhani ni kazi ya kichwa: kukubali kwamba jambo fulani ni kweli.

Baadaye tulikuta ya kuwa neno hili lina ndugu wa mbali. Katika Sanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, imani huitwa shraddha. Na katika Kiayalandi cha kale, «asadiki» ni cretid. Mwaka 1786, huko Calcutta, William Jones alisema kwamba Sanskriti, Kigiriki na Kilatini yaelekea zimetoka katika chemchemi moja. Tangu hapo wataalamu wanalinganisha maneno ya namna hiyo, wapate kujua umbo la neno mama. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mrundi asema umutima, Mkongo ntima, msemaji wa Lingala motema: nani asiyeona kwamba ni moyo mmoja, wa babu mmoja?

Lugha ile ya kale haikuandikwa kamwe. Kwa hiyo maneno yake yaliyotafutwa hivyo hutiwa nyota mbele. Asili ya Credo huandikwa *kred-dhe. Sehemu ya pili ni «kuweka». Ya kwanza, wengi wameiona kuwa ni moyo, ndugu ya cor ya Kilatini na kardia ya Kigiriki. Basi kusadiki kulikuwa kuweka moyo kwa mwingine. Tulifurahi sana!

Lakini Émile Benveniste, katika kitabu chake cha mwaka 1969, hakukubali. Kwake yeye kred si moyo, bali ni kama rehani, ambayo mtu amwekea yule anayemtegemea, akitumaini kurudishiwa. Na kweli Waroma walitumia credere kwa kukopesha fedha pia. Ndiko ilikotoka kredi ya madukani. (Maskini sisi, tuliolikimbia neno hilo dukani na kuliimba kanisani!)

Tulisikitika kidogo kuuacha moyo. Hata hivyo Benveniste naye alilibakiza lile «kuweka». Jumapili iliyofuata wenzetu walipoanza Credo, sisi tulichelewa kuitikia. Tulikuwa tungali twajiuliza tumeweka nini.