Mbangi Faraghani

Kiswahili hutenga mti na zao lake. Mnazi huzaa nazi, mbuni huzaa buni, na mbangi hutoa bangi. Ajabu ni kwamba jina hili la tatu limetoweka vinywani mwa wengi. Askari hung'oa "bangi", magazeti huripoti shamba la "bangi", na yamkini hata mwanafunzi wa isimu atalishangaa neno mbangi akilikuta kamusini. Mmea huu umejulikana kwetu kwa moshi na kwa kesi, si kwa mizizi yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inakataza kuupanda, na kwa hiyo anayeujua mche wake hathubutu kuusimulia.

Huko Afrika Kusini simulizi imechukua mkondo mwingine. Gareth Prince, Mrastafari aliyesomea sheria, alinyimwa njia ya kuwa wakili kwa sababu alikuwa ametiwa hatiani mara mbili kwa kupatikana na mmea huo, na wala hakuficha nia ya kuendelea kuutumia. Aliidai haki yake kwa jina la dini. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikamkatalia, majaji watano dhidi ya wanne. Prince hakukata tamaa. Tarehe 18 Septemba 2018, mahakama iyo hiyo, safari hii kwa kauli moja, iliamua kwamba mtu mzima anaweza kuupanda na kuutumia mwenyewe faraghani. Kilichoshinda si imani, ni faragha. Mpenzi wa lugha na atue hapa kidogo: Mahakama Kuu ya Western Cape ilikuwa imetaja makazi ya mtu mwaka 2017, lakini Jaji Raymond Zondo akaona kwamba mpaka huo ni finyu, akaweka mahali pa faragha. Haki ya watu wengi ilipanuka kwa kubadilishwa neno.

Basi mkulima wa uani kule Cape Town huanza kazi baridi ya Agosti ikishapita. Mbegu, ndogo kuliko punje ya mtama mnono, hupasuka baada ya siku chache za unyevu. Majani ya kwanza ya kweli huwa na kidole kimoja kimoja. Yafuatayo huwa na vitatu, kisha vitano, hadi mche upate sura ile ichorwayo kwenye fulana. Kiangazi chote mmea hurefuka tu. Siku zinapoanza kufupika ndipo huchanua, kwani huhesabu urefu wa usiku.

Hapo ndipo pana jambo lisilojulikana na wengi. Mbangi una mche dume na mche jike, kama mpapai. Ila mwenye mpapai huhitaji dume lichavushe, ilhali mkulima huyu hulichungulia dume mapema na kuling'oa kabla halijamwaga chavua, kwa maana jike likichavushwa hutumia nguvu zake kuzaa mbegu, na utomvu wa maua, ndio hasa atafutao, hupungua. Maua hukomaa kati ya Machi na Aprili. Hukatwa, yakaning'inizwa gizani kwa wiki moja au mbili, halafu yakatiwa chupani. Atakayeharakisha kuyafungia yangali mabichi atavuna ukungu.

Kuta hufaa sana, lakini harufu haizitambui. Kwa wiki kadhaa mtaa mzima hujua kilichomo uani. Mnamo tarehe 28 Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia sahihi sheria ya kuutekeleza uamuzi ule. Sheria hiyo inamruhusu mkulima kumgawia mtu mzima mwenzake bila malipo. Akipokea hata randi moja, amekuwa mwuzaji, na amevunja sheria.