Watoro Niliowahudhurisha

Niliwatilia vema wanafunzi wasiokuwepo. Nilikuwa mwalimu wa darasa, kidato cha pili, katika shule ndogo ya kata bondeni Kilombero, na daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi. Hakuna aliyeniamuru. Mkuu wa shule alilalamika tu kwamba asilimia zetu zinatuaibisha wilayani, nami nikaelewa nilichotaka kuelewa.

Mwalimu yeyote wa bonde lile anajua darasa linavyopukutika mpunga ukianza kutoa mashuke. Familia huhamia mashambani, na watoto hushinda kwenye dungu wakifukuza kwelea kwelea. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliondoa ada. Ndege wakabaki palepale.

Nilijipa sababu nzuri. Mwanafunzi akitoroka siku 90 mfululizo hufutiwa usajili, basi nikajiona mkombozi. Uongo huo nao! Nilikuwa najikinga mwenyewe. Daftari likionyesha watoro, ningepaswa kumwandikia mtendaji wa kijiji, nipande bodaboda hadi huko mashambani, niketi na wazazi. Vema ya peni ilinimalizia kazi yote hiyo.

Miongoni mwa watoro hao alikuwamo binti mmoja mwepesi wa hisabati. Kiingereza kilimsumbua, kama wengi wanaosoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha wakaikuta fizikia kwa lugha nyingine. Mtu wa namna hiyo akikosa wiki chache, hata ubaoni haelewi kimeandikwa nini. Alirudi baada ya mavuno, akakaa nyuma, akanyamaza. Upimaji wa kitaifa ulipofika akafeli.

Mama yake akaja ofisini.

"Walimu wangu, mbona mwanangu hamkumwulizia? Mngeniletea neno, ningemrudisha, nikatafuta mwingine wa kulinda."

Mkuu, kwa nia njema kabisa, akafungua daftari langu. "Mama, huyu hakukosa."

Mama akaitazama ile mistari ya vema. "Basi kule dunguni nilikuwa nalala na nani?"

Mkuu akanigeukia. Nikasema huenda kulikuwa na makosa ya kuandika, na wote wawili wakanivumilia.

Binti akatakiwa kukariri kidato. Mimi niliomba kuachia darasa, nikasingizia wingi wa vipindi. Msimu uliofuata alipokosa tena, mwalimu aliyenipokea alimwandika mtoro siku ileile na barua ikaenda kwa mtendaji. Mama alimleta mpaka getini, lakini binti mwenyewe alikuwa ameshaichoka shule.