Uzito wa Risasi na Mtutu Wake

Katika vijiji vyetu vya Ziwani, mazungumzo ya bunduki yakianza, husifiwa risasi nzito. "Hii ina uzito," husema watu, kana kwamba uzito peke yake ndio unaomwangusha nguruwe pori anayefukua muhogo usiku. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi siwezi kuiacha kauli hiyo ipite bila kupimwa.

Gobore la mababu lilikuwa laini ndani ya mtutu. Bunduki ya risasi ina michirizi iliyojipinda, na kazi yake ni kuizungusha risasi ili isafiri ikitanguliza ncha. Watoto wanalijua jambo hili kwa pia: ikizunguka kwa kasi husimama wima, kasi ikipungua huyumba na kuanguka. Sasa, risasi mbili za kipenyo kimoja na umbo moja, iliyo nzito huwa ndefu zaidi, na risasi ndefu hudai mzunguko wa kasi zaidi. Mwalimu wa hesabu huko Woolwich, Uingereza, Alfred George Greenhill, aliliwekea jambo hili kanuni mwaka 1879.

Tutazame risasi ya milimita 5.56. Ile ya zamani ya jeshi la Marekani ilikuwa na gramu 3.6 hivi, na mtutu uliizungusha mara moja katika kila inchi 12. Mwaka 1980 nchi za NATO zilichagua risasi ya Kibelgiji, SS109, yenye gramu 4. Tofauti haifiki nusu gramu! Hata hivyo, risasi hiyo ndefu zaidi haikutulia katika mitutu ya zamani. Jeshi la Marekani likachukua mitutu mipya inayoizungusha mara moja katika kila inchi 7.

Wala wepesi si dawa. Risasi nyepesi hutoka kwa kasi, lakini hupoteza mwendo upesi na upepo huisukuma kwa urahisi.

Hili si somo la ubaoni tu. Msimu wa korosho mashamba yetu hujaa akina mama na watoto. Risasi inayoyumba humjeruhi mnyama bila kumwangusha, naye hujibanza kichakani kando ya njia wanayopita. Na risasi iliyokosa shabaha huendelea na safari yake. Hakuna ajuaye itaishia kwa nani.

Kwa hiyo, mwenye bunduki ya kibali na ajaribu kwanza kwenye karatasi, mahali salama penye kichuguu kikubwa nyuma yake. Tundu likiwa la duara, risasi inaruka sawasawa. Likiwa refu, imepita kwa ubavu, na uzito huo hauufai mtutu huo. Abadili uzito, apige tena, mpaka matundu yakusanyike pamoja. Mzigo hupimwa kwa mabega ya mchukuzi, si kwa macho ya watazamaji.